Kilichowapotea matineja wakati wa corona si masomo pekee

Na Mwandishi Wetu

RAIS Uhuru Kenyatta alipoamuru masomo yasitishwe kote nchini mnamo Machi 15, 2020, swali lililotawala vikao vya wakuu wa elimu na mazungumzo ya wazazi lilikuwa moja: watoto watasomaje? Kwa zaidi ya miezi 9 swali hilo lilijadiliwa redioni, kwenye runinga na katika kurasa za magazeti.

Kulikuwa na swali jingine ambalo halikuulizwa kwa sauti, ingawa pengine lilimlemea zaidi kijana wa miaka 15 aliyejikuta akishinda kutwa katika chumba kimoja na familia nzima: atazungumza na nani?

Tafiti zilizofanywa tangu wakati huo, humu nchini na ng'ambo, zinaonyesha kwamba swali hili la pili lilistahili uzito sawa na lile la kwanza. Kijana aliyekuwa na mtu wa kumwamini na kumfikia aliweza kustahimili kipindi kile kwa urahisi zaidi. Aliyetegemea shule kumpatia mtu huyo aliachwa peke yake siku lango la shule lilipofungwa.

Suala hili halijapitwa na wakati. Mnamo 2024 mvua kubwa na mafuriko yaliilazimu serikali kuahirisha kufunguliwa kwa shule kwa muhula wa pili, kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Shule zitafungwa tena siku moja, iwe ni kwa maradhi, mafuriko au sababu nyingine. Ndiyo maana inafaa kuuliza ni nini hasa kilichotokea 2020, na nini kinapaswa kuwa tayari mara nyingine.

Milango ilivyofungwa mmoja baada ya mwingine

Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa na Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, Ijumaa ya Machi 13, 2020. Baada ya tangazo la Rais siku 2 baadaye, shule za kutwa zilifungwa mara moja, nazo za bweni zikapewa hadi Jumatano ya wiki hiyo kuwaruhusu wanafunzi warejee makwao.

Kuanzia Machi 27 kafyu iliwekwa kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Mapema mwezi wa Aprili, safari za kuingia na kutoka eneo la Nairobi pamoja na kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikapigwa marufuku. Mwezi Mei, wakazi wa Eastleigh jijini Nairobi na wa Mji wa Kale mjini Mombasa waliwekewa masharti makali zaidi ya kutotoka mitaani mwao.

Nyumba za ibada nazo zilifungwa. Ziliporuhusiwa kufungua milango Julai 2020, watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani, huku madrasa na shule za Jumapili zikiendelea kufungwa.

Mnamo Julai 7, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo ulikuwa umepotea. Wanafunzi wa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirejea Oktoba 12, 2020. Wengine wote walisubiri hadi Januari 4, 2021.

Kila mojawapo ya hatua hizi ilikuwa na sababu yake. Machi 2020 hakukuwa na chanjo, hospitali zilikuwa na vitanda vichache vya wagonjwa mahututi, na hakuna aliyejua virusi vile vingeua wangapi. Hata hivyo, zikijumlishwa, hatua hizo ziliondoa kwa majuma machache karibu kila mahali ambapo kijana hukutana na mtu asiye wa nyumbani kwao: darasani, uwanjani, kanisani, madrasani, garini na kwenye kituo cha matatu.

Ni jambo la kukumbukwa kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe liliona hatari hiyo mapema. Machi 2020 maafisa wake walianza kusisitiza kwamba kinachotakiwa ni miili kutengana, wala si watu kuvunja uhusiano wao, na wakawahimiza watu waendelee kuwasiliana. Ujumbe huo haukusikika sana. Uliosikika ni ule wa mita moja na nusu.

Tafiti zinasema nini?

Wataalamu wa saikolojia wanapozungumzia msaada wa kijamii huwa na maana ya mambo manne: kusikilizwa na kufarijiwa, kupewa ushauri, kusaidiwa kwa vitu au fedha, na kuwa na watu wa kushinda nao. Mnamo 1985 watafiti wa Marekani Sheldon Cohen na Thomas Wills walichapisha hoja ambayo imenukuliwa mara nyingi tangu hapo. Walieleza kuwa msaada huo hufanya kazi kama ngao. Hauondoi shida, bali hupunguza kiasi ambacho shida hiyo humuumiza mtu.

Janga la corona liligeuka kuwa jaribio kubwa la hoja hiyo. Nchini China, ambako vikwazo vilianzia, watafiti waliwahoji vijana 7,202 wa umri wa kati ya miaka 14 na 18 mwezi wa Machi 2020. Ni takriban robo yao tu, asilimia 24.6, walioonekana kuwa na msaada wa kiwango cha juu. Kadiri msaada ulivyokuwa mdogo, ndivyo dalili za sonona na wasiwasi zilivyojitokeza kwa wingi zaidi.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa Agosti 2021 katika jarida la Marekani la JAMA Pediatrics, uliunganisha tafiti 29 kutoka nchi mbalimbali zilizowahusisha zaidi ya watoto na vijana 80,000. Ulibaini kuwa asilimia 25.2 walikuwa na dalili za sonona na asilimia 20.5 dalili za wasiwasi, viwango vinavyokaribia mara 2 ya makadirio ya kabla ya janga. Dalili hizo zilikuwa nyingi zaidi kwa wasichana, na ziliongezeka kadiri miezi ilivyosonga.

Kwa mujibu wa WHO, katika mwaka wa kwanza wa janga visa vya sonona na wasiwasi duniani viliongezeka kwa asilimia 25, na vijana pamoja na wanawake ndio walioathirika zaidi.

Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ambao matokeo yake yalitolewa 2022, ulionyesha kuwa asilimia 44.3 walikuwa wamepatwa na tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Asilimia 12.2 walifikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa na maradhi ya akili.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ule wa Kenya haukupima athari za corona pekee, kwani vijana wengi walikuwa na dhiki zao kabla ya Machi 2020. Tafiti za msaada wa kijamii nazo huonyesha kwamba mambo mawili huandamana. Kijana mwenye huzuni nyingi anaweza pia kuona kuwa hana wa kumsaidia hata pale ambapo yupo. Lakini matokeo yanapofanana kutoka nchi baada ya nchi, itakuwa ukaidi kuyapuuza.

Kazi ya shangazi iliporithiwa na shule

Ili kuelewa kwa nini kufungwa kwa shule kuliwagusa vijana wa mijini kwa namna ya pekee, ni muhimu kutazama jinsi jamii zetu zilivyowalea vijana hapo awali.

Karibu kila jamii ya Afrika Mashariki ilitambua kwamba kuna mambo ambayo kijana hawezi kumwambia mzazi wake. Kwa hiyo iliteua watu wengine wa kuyasikiliza. Katika jamii nyingi za bara alikuwepo shangazi au nyanya kwa wasichana, na mjomba au babu kwa wavulana. Pwani alikuwepo somo, ambaye binti alikabidhiwa kwake anapovunja ungo, na yapo mambo ambayo mama mzazi hakuthubutu kuyagusa kwa kuwa yalikuwa ya somo.

Maisha ya mji yaliupunguza mtandao huo. Shangazi anaishi kaunti nyingine na huonekana Desemba. Nyanya yuko mashambani. Majirani wa ploti hubadilika kila kodi inapopanda. Kilichobaki ni shule. Bila ya mtu yeyote kuitangazia, shule ilirithi kazi ya shangazi na mjomba. Mwalimu wa ushauri nasaha, matroni wa bweni, kocha wa kandanda, mwalimu wa dini, na zaidi ya wote marafiki wa rika moja, wakawa ndio watu ambao kijana huwaendea moyo unapomzidia.

Urithi huo haukuwa kamili. Katika shule nyingi mwalimu mshauri hufundisha vipindi kama wenzake wote, na ofisi yake huenda ni kona ya chumba cha walimu ambapo hakuna siri inayoweza kusemwa. Hata hivyo alikuwepo. Mwalimu wa darasa aliweza kumwona mtoto aliyeacha kula, aliyeanza kulala darasani au aliyekuja na alama ya kipigo.

Machi 2020 mlolongo huo wote ulikatika kwa siku moja, na hakuna aliyepewa jukumu la kuuchukua. Wizara ilikuwa na mpango wa vipindi vya masomo kupitia redio ya KBC na runinga ya Edu Channel inayoendeshwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Mwalimu wa hisabati alipata njia, ingawa nyembamba, ya kumfikia mwanafunzi. Mwalimu mshauri hakupata.

Nyumbani palikuwa pa namna gani?

Wapo watakaouliza: je, mzazi si ndiye msaada wa kwanza wa mtoto? Ni kweli, na kwa familia nyingi miezi ile ilileta mema. Kuna akina baba waliokuwa wakiondoka alfajiri na kurudi watoto wamelala, ambao kafyu iliwarejesha nyumbani mapema na kwa mara ya kwanza wakapata mlo wa jioni pamoja na watoto wao. Vijana wengi waliojifunza kupika, kushona au kulima kwa wakati huo hawana kumbukumbu mbaya ya mwaka 2020.

Lakini msaada wa mzazi hutegemea hali ya mzazi mwenyewe. Mama muuza mitumba ambaye soko lake limefungwa, au mhudumu wa hoteli aliyepewa likizo bila ya mshahara, hurejea nyumbani akiwa na hofu ya kodi, chakula na maradhi. Mtu aliyeelemewa hana nafasi kubwa moyoni ya kusikiliza malalamiko ya tineja kuhusu rafiki aliyemkosa au mtihani ulioahirishwa. Mara nyingi malalamiko hayo humfikia kama utovu wa shukrani.

Serikali ilitangaza nafuu mbalimbali. Waliokuwa wakipata mshahara wa hadi Sh24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato, na kodi ya VAT ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Mpango wa Kazi Mtaani ulianzishwa ili kuwapa kibarua vijana wa mitaa ya mabanda waliotimiza umri wa miaka 18. Hatua hizo zilikuwa na maana, ila mzazi anayeishi kwa kibarua cha siku hana hati ya mshahara, wala mtoto wa miaka 14 hakuwa na nafasi katika mpango wowote.

Nafasi yenyewe ya kuishi ilikuwa tatizo. Katika mitaa kama Kibera, Mathare na Mukuru, familia nyingi huishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Kijana katika nyumba ya aina hiyo hana mahali pa kulia, seuze mahali pa kumpigia mtu simu na kusema yaliyomsibu. Nje kuna polisi wa kafyu. Ndani kuna masikio ya kila mtu.

Aidha, kwa baadhi ya vijana nyumba ndiyo iliyokuwa chanzo cha mateso. Julai 6, 2020 Rais Kenyatta alikiagiza Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kuchunguza ongezeko la dhuluma za kijinsia majumbani na ukiukaji wa haki za watoto wa kike. Agizo hilo lilikuwa ni kukiri hadharani kwamba wito wa kubaki nyumbani haukuwa na maana ile ile kwa kila mtu. Msichana anayedhulumiwa na jamaa yake alikuwa amefungiwa pamoja na anayemdhulumu, na mwalimu ambaye angeligundua jambo hilo hakuwepo.

Simu moja, watu watano

Jibu la haraka la wengi ni kwamba vijana wa leo wana mitandao ya kijamii, kwa hiyo hawakutengana kamwe. Jibu hilo linawafaa wa Kileleshwa na Nyali kuliko wengine.

Sensa ya 2019, iliyofanyika miezi michache kabla ya janga, ilionyesha kwamba ni asilimia 17.9 tu ya nyumba nchini zilizokuwa na intaneti. Zenye kompyuta, tarakilishi mpakato au tableti zilikuwa asilimia 8.8. Runinga ilikuwa katika nyumba 4 hivi kati ya 10, na redio katika nyumba zipatazo 6.

Simu ya mkononi ilikuwepo kwa wengi, lakini kuwepo kwa simu nyumbani si sawa na kijana kuwa na simu. Aghalabu ni simu ya mama, yenye salio la kupokea pesa na kuwasiliana na wateja, na inayorudi nyumbani jioni ikiwa imekwisha moto. Mazungumzo yanayofanyika kwa simu hiyo husikika na mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalohusu shule zetu za bweni. Wanafunzi wake hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Rafiki wa chanda na pete wa msichana wa Nairobi huenda anatoka Kitui au Busia, nao wamezoea kuonana uso kwa macho kila siku bila ya kuwa na nambari ya mwenziwe. Walipoagana kwa haraka katika wiki ile ya Machi, wengi walidhani wangerudi baada ya siku 30. Kwa baadhi yao urafiki ulikatika hapo.

Kwa wale waliokuwa na simu na bando, mitandao ilisaidia na ilidhuru. Kikundi cha marafiki 6 wanaosimuliana na kutaniana ni msaada. Kutazama kwa saa nyingi maisha ya watu wasiokujua, katikati ya habari za vifo na uvumi, si msaada. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haikufundishwa na yeyote.

Taifa lilipowatazama

Ukifuatilia mjadala wa taifa katika kipindi hicho, utaona kwamba vijana walitajwa kila walipogeuka kuwa tatizo.

Juni 2020 ilikuwa ni habari za mimba. Takwimu kutoka Machakos kwamba wasichana karibu 4,000 walikuwa wamepata mimba katika miezi 5 ya kwanza ya mwaka ziliwashtua wengi, na lawama zikatupiwa kufungwa kwa shule, ijapokuwa sehemu kubwa ya mimba zilizohesabiwa kuanzia Januari zilipatikana wakati shule zikiwa wazi. Watu walibishana kuhusu idadi, kisha mada ikaisha.

Januari 2021 ilikuwa ni utovu wa nidhamu. Shule zilipofunguliwa kulitokea visa vya wanafunzi kuwashambulia walimu na kuteketeza mabweni. Profesa Magoha alipendekeza viboko virejeshwe, adhabu iliyopigwa marufuku nchini tangu 2001. Wazazi, walimu na wabunge wakagawanyika kuhusu kiboko.

Kisha ukaja mwishoni mwa mwaka huo huo. Kalenda ya masomo ilikuwa imebanwa ili kufidia muda uliopotea, likizo zikafupishwa, na moto ukazuka katika shule nyingi mwezi Oktoba na Novemba. Wizara ililazimika kuwapa wanafunzi mapumziko mafupi kuanzia Novemba 19.

Hakuna haja ya kudai kwamba kila bweni lililoungua liliunguzwa na upweke wa mwaka uliotangulia. Migomo na moto vilikuwepo kabla ya corona, na sababu zake ni nyingi. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini kijana aliyekaa zaidi ya miezi 9 mbali na shule alipokewa kwa kipimajoto, barakoa na ratiba nzito zaidi, bila ya mtu kumuuliza aliishije.

Wapo pia ambao hawakurudi kabisa. Ripoti ya shirika la utafiti la Population Council ya 2021 ilionyesha kuwa kati ya vijana waliohojiwa, asilimia 16 ya wasichana na asilimia 8 ya wavulana hawakurejea shuleni Januari 2021. Kwa hao, msaada uliokatika Machi 2020 haukuunganishwa tena.

Sheria nayo haikuwa upande wa mwenye dhiki. Wakati huo Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujitoa uhai kuwa ni kosa la jinai. Kijana aliyetaka kusema yaliyokuwa yakimpitia akilini alikuwa, machoni pa sheria, akikaribia kuungama uhalifu. Ni Januari 9, 2025 ndipo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Majirani walipitia yapi?

Kenya haikuwa peke yake. Uganda ilifunga shule Machi 2020, ikazifungua kwa awamu, ikazifunga tena Juni 2021, na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika, na kipindi hicho kinatajwa kuwa kirefu zaidi duniani. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 shule zilipofungwa alikaribia 15 zilipofunguliwa. Katika umri huo miaka 2 ni muda wa kutosha kubadilika sauti, umbo na marafiki.

Tanzania ilichukua mkondo tofauti. Shule zilifungwa Machi 17, 2020, wanafunzi wa kidato cha 6 na vyuo wakarejea Juni 1, na wengine Juni 29. Hatua ya serikali ya huko kuhusu corona ilizua ubishi mkubwa wa kiafya ambao si mada ya makala haya. Hata hivyo, kwa upande wa vijana, kutengana kwao na marafiki na walimu kulikuwa kwa miezi 3 badala ya 9 au 22.

Ulinganisho huo unaonyesha kuwa urefu wa kufungwa ni uamuzi wa kisera. Unapofanywa, gharama ya upweke wa vijana inafaa kuwekwa kwenye mizani pamoja na gharama nyingine.

Kinachoweza kuwa tayari

Julai 2020, katikati ya janga, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mnamo 2022 sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho. Hizo ni hatua za maana, lakini madaktari wa akili nchini ni wachache mno kuweza kumfikia kila kijana, na wengi wa vijana hawahitaji daktari. Wanahitaji mtu.

Ushahidi wa hilo uko hapa hapa nyumbani. Mradi uitwao Shamiri ulijaribiwa kwa wanafunzi 413 wa shule za upili nchini, na matokeo yake yakachapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Vijana waliomaliza shule karibuni, wasio na shahada yoyote ya saikolojia, walipewa mafunzo mafupi kisha wakaongoza vikundi vidogo kwa vikao 4 vya saa moja moja. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa wanafunzi hao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kilichotumika ni watu na muda, vitu ambavyo nchi hii haina uhaba navyo.

Kwa msingi huo, mpango wa dharura wa Wizara ya Elimu unaweza kuwa na mambo machache yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni kila mwanafunzi kuwa na mtu mzima mmoja wa shuleni anayemjua kwa jina, ambaye jukumu lake ni kumpigia simu mara moja kwa wiki shule zinapofungwa, na kuzungumza naye mwenyewe badala ya mzazi pekee. Mwalimu mwenye wanafunzi 15 anaweza kazi hiyo, mradi apewe salio.

La pili ni vikundi vidogo vya rika moja kukutana mahali pa wazi. Mnamo 2020 Wizara ilipendekeza masomo ya kijamii mitaani, yakapingwa na baadhi ya wazazi na kuishia mahakamani. Vikundi vya vijana 6 au 8 chini ya mti, bila ya mtihani wala silabasi, ni jambo jepesi zaidi kupanga, na ni salama kuliko maskani zisizo na msimamizi.

La tatu ni kuwatumia wahamasishaji wa afya ya jamii. Serikali ilizindua kikosi cha zaidi ya 100,000 mnamo Septemba 2023, nao huzunguka nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Wanaweza kufunzwa kuuliza pia habari za tineja wa nyumba hiyo, na kujua pa kumpeleka ikiwa hali si nzuri.

La nne linawahusu wazazi. Fedha za kuikimu familia wakati wa kufungwa kwa nchi ni sehemu ya afya ya akili ya mtoto, kwa kuwa mzazi aliyeshiba na mwenye kodi mkononi ana subira zaidi ya kusikiliza. Anayepanga misaada ya dharura asiihesabu kuwa ni ya tumbo pekee.

Simu ya bure ya watoto, nambari 116, inafanya kazi mchana na usiku, na inaweza kupigwa na mtoto au mtu mzima anayemhofia mtoto. Wazazi wengi hawaijui, na ni vyema ikabandikwa katika kila darasa shule zikiwa wazi, ili kijana aijue kabla hajaihitaji.

Waliokuwa na miaka 13 mwaka 2020 sasa ni watu wazima. Baadhi yao wako vyuoni, wengine kwenye bodaboda na mjengo, na wengine tayari ni wazazi. Kamati yoyote itakayoketi kupanga kufungwa kwa shule mara nyingine itafanya vyema kuwaita baadhi yao na kuwauliza ni nani waliyezungumza naye katika miezi ile, na ni nani waliyetamani kuzungumza naye wasimpate.